Magauni Yaliyokwenda Ohayo

Paja la nguruwe lilikuwa limeshakatwa vipande, na Hakimu Kerr ameshafungua kifungo cha juu cha kizibao chake, ndipo wakili Lemuel Stroud alipokumbuka kwamba mama mwenye nyumba hajaulizwa.

"Ala! Bibi Maddock," alisema, kama mtu aliyesahau chumvi. "Kidogo tu. Ingia na Mheshimiwa pale chumbani, akuulize lile swali lake, utie sahihi, mrudi tule kabla mafuta hayajaganda."

Hester Maddock alikuwa amesimama na bakuli la maboga ya kuponda mikononi. Alilitua mezani taratibu, katikati ya sahani za kuazima. Sahani zilikuwa za jirani, Bibi Pettigrew, na kila moja ina ufa wa bluu ukingoni. Kila mtu wa bonde la Kijito cha Kunguru aliyewahi kwenda arusi au mazishi alizijua. Hester alikuwa amezipanga ule ufa uelekee ukutani, lakini watu wakila huzungusha sahani.

Wageni wa siku ile walikuwa Mathias Zeller, seremala Mjerumani, mwenye mikono mipana kama makafi, na mkewe Apolonia, mwenye mimba kubwa na macho ya kucheka. Walikuwa wameuza kila kitu huko kusini walikotoka. Nje ya mlango gari lao la farasi lilikuwa limesheheni vitanda, jiko la chuma, pipa la kabichi iliyochacha na tenga la kuku waliokuwa wakilalamika tangu asubuhi, na nyuma yake amefungwa ng'ombe mweusi na ndama wake. Walikuja kununua ekari mia tatu za Evan Maddock, kule juu kijito kinapojikunja. Evan alikuwa ameshatia sahihi yake, na wino ulikuwa bado unang'aa. Kulikuwa na umande wa barafu kila alfajiri wiki ile, na Wazeller walihitaji kuta nne kabla ya theluji.

Sheria ya Pensilvania ilisema hivi: mwanamume akiuza ardhi, mkewe ana theluthi yake ndani ya ardhi ile, imtunze siku atakapofiwa. Bila mke kuridhia, mnunuzi amejinunulia kesi. Tena asiridhie mbele ya mume, kwa kuwa mbele ya mume mke huridhia hata asilolitaka. Achukuliwe kando na hakimu, mlango ufungwe, aulizwe kama anafanya kwa hiari. Ilikuwa sheria nzuri, ila imezoeleka mpaka ikawa kama kukung'uta miguu kizingitini. (Walenape, waliokuwa na ardhi yote ile kabla ya babake Evan, hawakuingizwa chumba chochote wakaulizwa. Hilo watu wa bondeni hawakupenda kulizungumza wakati wa kula.)

Hester alikuwa ameingia chumba kile mara nane, kwa mauzo manane, na kila mara alitoka mchuzi ukiwa bado wa moto. Alijifuta mikono kwenye aproni akaanza kumfuata hakimu. Hapo Apolonia akamshika mkono wa gauni, palipo na kiraka.

"Mama," alisema kwa furaha, "la kwetu nalo tumeshampa wakili fedha yake mkononi, kama alivyofanya dada yangu aliponunua hapa. Lile la dada lilikukaa? Aliambiwa umechagua bluu."

"Lipi hilo?"

"Gauni! Sisi kwetu hatununui shamba bila kumvisha mama wa nyumba. Ni mkosi. Hata nyinyi Waingereza mnafanya hivyo, dada alisema. Kila aliyenunua hapa ametoa la kwake."

Stroud alikohoa. Evan Maddock aliliangalia paja la nguruwe kwa bidii, kama mtu anayesoma.

Hester alilitazama gauni lake. Lilikuwa la sufi ya rangi ya udongo, na viwiko vyake vilikuwa vimetiwa viraka vya blanketi la tandiko la farasi.

"Ahaa," alisema. "La bluu."

Akaingia chumbani, na hakimu nyuma yake, na mlango ukafungwa.

*

Chumba kile kilikuwa cha kulala, cha kukaushia matufaha na cha kuwekea kila kisichotakiwa kuonwa na wageni. Hakimu Kerr, mzee mnene mwenye magoti mabovu, aliketi juu ya pipa la unga wa mahindi. Alitoa miwani, akasoma bila kuvuta pumzi.

"Hester Maddock, unatia sahihi hati hii kwa hiari yako, pasipo kulazimishwa, kutishwa wala kubembelezwa na mumeo? Haya, weka jina hapa."

"Rudia, Mheshimiwa."

"Bibi Maddock, umelisikia mara nane hili."

"Nililisikia. Leo nalisikiliza."

Hakimu akarudia. Hester alikaa kitandani, mikono mapajani, akitikisa kichwa polepole kama mtu anayeonja mchuzi.

"Na nikisema hapana?"

Hakimu Kerr alivua miwani. Katika miaka yake yote ya kuuliza swali lile, hakuna aliyewahi kumrudishia swali.

"Ukisema hapana, basi ni hapana. Hakuna mauzo."

"Na mume wangu atafanya nini?"

"Hana la kufanya. Akifungua mlango huu kabla hujajibu, namtoza faini, hata kama namlia chakula chake."

"Basi sijajibu," alisema Hester. Akavua viatu, kimoja kisha cha pili, akavisogeza chini ya kitanda. Akachukua kamba ya matufaha makavu ukutani, akakata vipande viwili, akampa hakimu kimoja. "Kula, Mheshimiwa. Tutakaa kidogo."

*

Huku nje, mafuta yalianza kuganda.

Evan Maddock hakuwa mtu mbaya. Babake alifika nchi hii na shoka moja na koti la mtu mwingine, na Evan alikulia akiambiwa kwamba mtu bila ardhi ni vumbi la njiani. Basi hakuweza kuona kilima asikitamani. Alikuwa na karatasi za ekari elfu tano katika wilaya tatu na upande wa Ohayo, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga. Usiku alimtajia mkewe mapande yake moja moja, kama mtu anayehesabu watoto, mpaka akapitiwa na usingizi. Nyumbani hapakuwa na ng'ombe wa maziwa, na mvua ikinyesha walihamisha kitanda.

"Wamekawia," alisema Mathias Zeller.

"Wanawake," alisema Stroud, akicheka peke yake.

Evan alimvuta wakili mpaka karibu na meko. Alidhani ananong'ona.

"Ulimwambia habari za magauni?"

"Mimi? Mimi mpitishaji tu, bwana. Nani aliyesema, 'Lemuel, kitambaa huchakaa, ardhi haichakai'? Nani aliyesema tuziunganishe hizo fedha tununue kipande kule mtoni Ohayo?"

"Ulisema bei itapanda mara nne!"

"Itapanda! Sijasema siku."

Mlango ulifunguka kidogo, kichwa cha hakimu kikatokeza, kinatafuna.

"Bwana Maddock, bibi anauliza magauni yake manane yako wapi."

Evan alitazama dari. "Mwambie... yako Ohayo."

Kichwa kikarudi ndani. Kikatoka tena.

"Anauliza yanafanya nini huko."

"Mwambie yanapanda bei."

"Anauliza nani anayavaa."

Apolonia alijiziba mdomo kwa aproni, mabega yakamtikisika. Mumewe alimkazia jicho, lakini masharubu yake nayo yalikuwa yanacheza.

"Mheshimiwa," alisema Stroud kwa sauti ya mahakamani, "hii si desturi. Mwanamke huulizwa, haulizi."

"Bwana Stroud, nimesoma sheria nzima. Imesema aulizwe faragha, haikusema asiulize." Hakimu alifuta kidevu. "Na sasa anauliza hivi: fedha za leo zinakwenda wapi?"

 Mkoba wa wakili ulikuwa wazi juu ya benchi, na karatasi ya juu kabisa, iliyokwisha andikwa ikingoja jina tu, ilikuwa ya ekari elfu mbili nyingine za Ohayo. Mathias aliikodolea macho. Kiingereza chake cha kusoma kilikuwa kidogo, lakini neno lile alilijua.

"Bwana Maddock," alisema, "wewe unauza ardhi ili ununue ardhi?"

"Ndivyo ardhi inavyokua, Bwana Zeller."

"Ajabu. Kwetu huota ngano."

Stroud aliona shughuli inamponyoka. Alikwenda mbio kwenye mkoba wa tandiko lake akarudi na bunda la kitambaa cha pamba chenye maua mekundu. "Haya! Gauni ndilo linalotakiwa? Gauni hili hapa. Mpelekee, Mheshimiwa, na salamu zangu."

Kitambaa kikaingia. Kikakaa ndani kitambo, sauti ya kukikunjua na kukipima ikasikika. Kikatoka.

"Bibi anashukuru. Anasema kinatosha kuanzia kiunoni kwenda juu. Anauliza kama Bibi Stroud huwa anamalizia na nini huko chini."

Wakili alikipokea kitambaa akakiminya ndani ya mkoba, masikio yamemwiva. Ilikuwa kweli kwamba alimnunulia mkewe, na ilikuwa kweli kwamba alikata kidogo.

*

Utani ulikuwa utani, lakini Mathias Zeller alikwenda dirishani akawatazama farasi wake, na mgongo wake ulisema kila kitu. Kama mama yule angesema hapana, wangelala wapi? Nyumba yao ya zamani ilikuwa na watu wengine ndani yake. Ng'ambo ya kijito alikuwako mwenye ardhi mwingine, lakini huyo aliuza miteremko ya mawe kwa bei ya bustani.

Ndani, Hester naye alikuwa ameacha kutafuna.

"Mheshimiwa, yule mama ana mimba ya miezi mingapi?"

"Mimi hakimu, Bibi Maddock. Sio mkunga."

"Saba. Labda na nusu." Alivuta soksi yake, akaikunja pale kidole kilipotoboa. "Yeye sina ugomvi naye. Nikikataa, nimemtupa nje na baridi yote hii. Nikikubali, yale makaratasi ya Ohayo yatazaa mengine, na mimi nitakufa nikihamisha kitanda. Siwezi kukubali nusu?"

"Naandika ndiyo au hapana tu. Hati haina nafasi ya nusu."

"Nikikubali kwa sharti?"

"Sharti haliingii. Ila..." Hakimu alikuna goti. Njaa ilikuwa inamuuma, na harufu ya paja la nguruwe ilipita chini ya mlango, lakini kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kazi yake ilikuwa inampendeza. "Ila bei ni jambo la watu wanaouziana. Hiyo kabla hujajibu inaweza kubadilishwa na yeyote mwenye haki ndani ya ardhi."

"Nani anayekatazwa kuingia humu?"

"Mume."

"Peke yake?"

Hakimu alifikiri, akatabasamu mpaka mashavu yakaziba macho. Akafungua mlango.

"Bibi Zeller anaitwa. Na aje na sahani mbili."

"Anaitwa kwa sheria gani?" Stroud alipiga kelele.

"Kwa ile isiyomkataza. Tatu, Bibi Zeller. Usisahau maboga."

*

Kilichofuata kiliwatesa wanaume kuliko yote yaliyotangulia, kwa sababu kulikuwa na vicheko. Kwanza sauti za chini, kisha kijiko kikigonga sahani, kisha kicheko cha Apolonia, kisha kicheko kingine. Evan alichukua muda kutambua kwamba kile cha pili ni cha mkewe. Alikuwa amekisahau. Kilikuwa na mkwaruzo mwanzoni, kama lango lisilofunguliwa mara kwa mara, halafu kikafunguka chote.

"Anachekea nini?" aliuliza.

"Wewe," alisema Mathias.

"Mwache," Stroud alimnong'oneza. "Mnunie siku mbili tatu, atalegea. Nina mnunuzi mwingine mwakani."

 Evan alikuwa bado anasikiliza kile kicheko.

Apolonia akatoka, mkono mmoja kiunoni, akavuta kiti akakaa kwa uzito wake wote.

"Mathias, tumeafikiana."

"Nani na nani?"

"Mimi na mwenye ardhi."

"Mwenye ardhi ni mimi!" Evan alisema.

"Wewe ni theluthi mbili, Bwana Maddock. Theluthi moja iko ndani inakula." Akahesabu kwa vidole. "Nusu ya bei fedha, kama mlivyosema. Nusu nyingine si fedha. Ng'ombe wetu mweusi na ndama wake. Na Mathias ataezeka paa la nyumba hii kwa vigae vya mbao, lote, kabla ya theluji."

"Na sisi tutakaa wapi nikiezeka paa la watu?" aliuliza Mathias.

"Hapa hapa, chini ya paa hilo. Mpaka mtoto azaliwe na nyumba yetu isimame. Bibi Maddock amenipa chumba cha nyuma. Basi ezeka vizuri."

Mathias alitazama juu, kwenye mabaka ya maji darini, kwa jicho la fundi. Akaguna. Lilikuwa guno la mtu aliyeshaanza kukata mbao kichwani.

"Na lile gauni?" Apolonia aligeuka. "Ile fedha tuliyokupa asubuhi, Bwana Stroud, naomba. Nitalishona mwenyewe."

Wakili alitoa fedha mfuko wa kulia, kama mtu anayetoa jino. "Na fungu langu? Mimi nachukua sehemu ya kila mauzo. Sehemu ya ng'ombe nitaichukuaje?"

"Chagua mkia," alisema Mathias. "Ndio unaofukuza nzi."

Hata Evan alicheka, kisha akakumbuka kwamba hapaswi. Aliichukua ile karatasi ya Ohayo kwenye mkoba. Ekari elfu mbili! Mto, alivyoambiwa, ulipita katikati, na udongo wake ulikuwa mweusi hata ungeweza kuula kwa kijiko. Nusu ya fedha ya leo isingetosha. Aliishika muda mrefu, akiisogeza mbali na macho na kuileta karibu.

"Kuna mtu amewahi kuuona huo mto, Lemuel?" aliuliza mwishowe. "Kwa macho?"

"Upo kwenye ramani, bwana."

Sauti ya Hester ilipita chini ya mlango, nayo haikuwa kali. "Heri kenda shika, Bwana Maddock, kuliko kumi nenda uje."

"Hairuhusiwi kumsemesha!" alisema hakimu.

"Simsemeshi. Naomba dua."

Evan aliirudisha karatasi mkobani, akaifunga ile kamba ya ngozi yeye mwenyewe.

*

Hati iliandikwa upya mezani. Stroud ndiye aliyeandika, kwa mwandiko mzuri na moyo mzito, na alipofika kwenye ng'ombe aliuliza mara mbili kama ni lazima rangi yake itajwe. Hakimu alirudi chumbani, mlango ukafungwa, swali likaulizwa tena, lote, polepole.

"Kwa hiari yangu," alijibu Hester, kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye tenga la kuku. "Sijalazimishwa, sijatishwa. Wala sijabembelezwa hata kidogo."

Alitoka na jina lake likiwa limekauka kwenye karatasi, bado na soksi tu miguuni. Apolonia alipiga makofi. Mathias aliinua kikombe cha pombe ya tufaha. Evan alichovya kalamu ya unyoya ili aweke sahihi yake kwenye hati mpya, lakini Hester akaifunika karatasi kwa kiganja.

"Bado. Na yeye aulizwe."

"Aulizwe nani?" alisema Stroud.

"Bwana Maddock. Haki ni haki. Mimi nimeulizwa mara kumi sasa. Yeye hajaulizwa hata mara moja."

"Hakuna sheria kama hiyo!"

"Haikatazwi," alisema Hakimu Kerr, akiwa ameshainuka na magoti yake mabovu. "Twende, Bwana Maddock. Kaa pale kitandani. Pipa ni langu."

Mlango ukafungwa. Huku nje wote wanne walisogea, hata wakili, hata Mathias na kikombe chake, wakasimama kama watu wanaosikiliza panya ukutani.

"Evan Maddock, unatia sahihi hati hii kwa hiari yako, pasipo kulazimishwa, kutishwa wala kubembelezwa na mkeo?"

 Kitanda kikalia. Apolonia akamshika Hester mkono.

"Mheshimiwa," Evan alisema mwishowe, "niseme kweli?"

"Umo ndani kwa ajili hiyo."

"Kulazimishwa nimelazimishwa. Kutishwa nimetishwa, tena mbele ya wageni. Hilo la tatu ndilo bado, na mimi nilidhani yanakuja yote pamoja."

Hester aliweka mdomo kwenye ufa wa mlango.

"Tia sahihi kwanza," alisema.

Wakasikia kalamu ikikwaruza.